Mwezi wa nane bila kitunguu

SWALI: Dada, daktari aliniambia nina IBS, yaani utumbo unaosumbuka mara kwa mara: tumbo linasokota, gesi, leo naharisha, kesho choo kigumu. Niliacha vitunguu, saumu, maharage, ngano na maziwa. Nafuu nilipata, lakini huu ni mwezi wa nane, nimekonda na kila sahani naiogopa. Niendelee?

JIBU: Pole sana, mwenzangu. Hapana, usiendelee hivyo. Mlo huo wa kuacha vyakula vinavyochachuka tumboni, uitwao low-FODMAP, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, hubanwa kwa wiki 2 hadi 6 tu. Kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja, kila kimoja kidogo kidogo kwa siku 3, huku ukiandika tumbo linavyopokea. Mimi hatua hiyo niliiruka mwaka mzima, na iliniuma kugundua kuwa maziwa hayakuwahi kunidhuru. Anza na unachokitamani zaidi. Ladha ya saumu waweza kuipata hata leo: ikaange, itoe, upikie mafuta yake, kwani sukari yake inayochachuka tumboni haiyeyuki kwenye mafuta.

Ila huko kukonda kunanitia wasiwasi. Mwone daktari wiki hii, na usingoje hata siku moja ukiona damu chooni.