Vijana wa kutembeza wageni: acheni kusema baruti ni baruti tu

Juzi nilisimama nyuma ya kundi la wageni pale Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa nje ya Iringa, nikamsikia dogo mmoja mwenye beji inayong'aa bado akiwaambia, "Baruti ni baruti tu, kinachobadilika ni kopo." Mzee mmoja wa Kimarekani akatabasamu. Lile tabasamu nalijua. Huyo kwao ana bunduki za kushindilia, anazipiga mwenyewe, na kopo la baruti analichagua kama mama anavyochagua mchele Mwanjelwa. Jioni hotelini dogo alijadiliwa, na tipu ilikwenda kwa dereva.

Wadogo zangu mnaoanza kazi Kalenga, Lugalo na Mlambalasi, tarehe mnazikariri vizuri kuliko sisi enzi zetu. Ila gobore, bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, mnalishika kama fimbo ya kuonyeshea. Someni haya kabla msimu haujachanganya.

1. Kwenye kopo la baruti nyeusi, ile ya bunduki za kushindilia, herufi F zikiongezeka, punje zinapungua ukubwa. Si kinyume chake, tafadhali! Fg ni ya mizinga midogo na mitutu mipana sana. FFg ni ya bunduki za marisau na za risasi moja zenye mtutu wa inchi 0.50 kwenda juu. FFFg ni ya bastola na mitutu myembamba, inchi 0.45 kushuka. FFFFg inatiwa kwenye kisahani cha gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe, ipokee cheche, haijazwi mtutuni. Punje ndogo huungua upesi na shinikizo hupanda haraka, ndiyo maana mtu hachukui kopo la bastola akashindilia bunduki kubwa kwa kipimo kile kile.

Hapo mgeni ameridhika, hamieni kwenye mkuki. Ninyi hamhami. Mwenzenu mmoja alionyeshwa kwenye simu picha ya kopo la Swiss lenye namba 2, akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Hiyo ni FFg." Baruti ya Swiss inatengenezwa Aubonne, Uswisi, na namba zake zinakwenda upande wake: 1 ndiyo laini kabisa, 5 ndiyo ya punje kubwa. Namba 2 inalingana na FFFg. Yule mgeni alimsahihisha kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kukaripiwa.

2. Majina ya makopo. GOEX ni ya Marekani. Uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2021, mwaka uliofuata Estes Energetics wakainunua, kwa hiyo mgeni akianza kulalamika kuhusu GOEX mwacheni amalize, ana uchungu wake. Swiss inasifiwa kwa nguvu na kwa kuacha masizi machache, na wanaoihamia hupunguza kipimo. Schuetzen ni ya Kijerumani, nayo ina wapenzi wake. Pyrodex si baruti nyeusi halisi, ni mbadala: nyepesi zaidi, hupimwa kwa kibaba wala si kwa mizani, na inataka moto mkali, kwa hiyo inapatana na fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo ya bunduki, kuliko na cheche za gumegume.

Hakuna hata moja kati ya hizo mtakayoikuta dukani Iringa mjini, basi msijifanye wateja. Baruti ina sheria yake, na silaha ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mgeni akiuliza wanakijiji wanatumia kopo gani, mjibuni hilo ni swali la kituo cha polisi, kisha mwelekezeni choo kilipo.

3. Msimpe Mkwawa makopo ya Marekani. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake waliviziwa njiani na Wahehe wa Mkwawa, na kazi kubwa ilifanywa na mikuki kwa muda mfupi mno. Bunduki walizoteka Wahehe pale zilikuwa za kujazia nyuma. Ndani ya risasi zake mlikuwa na baruti nyeusi, ndiyo, ila hakuna aliyeshindilia kitu.

Gobore mnalolionyesha lina njia nyingine, ya misafara kutoka pwani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha upenyo kwa gumegume zisizo na mifereji mtutuni na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Semeni hivyo muone wageni wanavyotoa daftari. Mimi nilichelewa sana kulijua hili, nilikuwa nimekazana na fuvu la Mkwawa na namna lilivyorudi kutoka Bremen, Ujerumani.

4. Gobore lolote lina mzigo mpaka ulipime. Hapa nitakaa, na wanaoona aibu ya mwenzao wavumilie.

Njia ya kwenda Mlambalasi kulikuwa na mzee mmoja, na gobore lake lilikuwa na karatasi zake zote. Lilining'inia juu ya jiko, kwenye moshi, wadudu wasile kitako. Mimi nikiingia, "Kamwene, babu," naitikiwa, nalitungua, naanza maonyesho. Wageni wanapiga nalo picha. Wanafunzi wanachungulia mdomoni waone giza. Navuta nyundo, naiachia, tak! Watu wanacheka. Mama mmoja aliwahi kuuliza kama ni tupu. Nikamjibu, "Tangu uhuru."

Siku moja akaja mgeni mkimya, asiyepiga picha. Akaomba ufito wa kushindilia. Akaupenyeza mtutuni mpaka ukagota, akaushika kwa kidole gumba pale mdomoni, akautoa, akaulaza nje ya mtutu. Ncha ya ufito ilitakiwa ifike usawa wa tundu la moto. Iliishia kabla ya kulifikia, ikapungua karibu shubiri nzima. Akalilaza gobore chini polepole, mdomo ukielekea mgombani, akatuambia sote turudi nyuma. Kiingereza changu kikaniishia.

Babu alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake. "Ndiyo, lina mzigo," akasema. "Marehemu kaka alilishindilia kwa ajili ya nguruwe."

"Babu, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe ulikuwa unaongea."

Baruti nyeusi ikikaa pakavu haiozi, inasubiri hata miongo. Na ile ilikaa juu ya jiko, pakavu kuliko dukani. Kilichotuokoa ni kwamba fataki haikuwepo, nami sikuwa nimehakikisha hata hilo, nilibahatika tu. Ninayo bado picha ya mtoto wa darasa la tano jicho likiwa kwenye mdomo wa mtutu, mimi pembeni nimetoa meno yote. Sijaifuta.

Basi ufito kwanza, maneno baadaye. Ukigota mapema, msichokonoe, msimwage kitu, msimwite fundi wa baiskeli: laza chini, ondoa watu, piga simu polisi.

5. Baruti isiyo na moshi, ya risasi za kisasa, haiingii kwenye gobore hata kijiko, inapasua mtutu.

6. Sigara mbali, hata kama mgeni ndiye anayelipa.

7. Mkibahatika kualikwa kwenye onyesho la kupiga lenye kibali, msiondoke kabla gobore halijaoshwa. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na kwa ukungu wa Mufindi kutu haingoji asubuhi. Maji ya moto, kitambaa kikavu, mafuta. Anayewaambia mafuta peke yake yanatosha, mwombeni awaonyeshe mtutu wake kwa ndani.

Swali lolote jingine la baruti niulizeni kabla gari halijaondoka Iringa, maana mkishafika Mlambalasi mtandao unakatika na mtaanza kujibu kwa akili zenu.