Wakikwambia damu yako inahitaji vipimo zaidi, usiuze kiwanja kwanza

Juzi saa sita usiku mdogo wangu mmoja wa Manyoni kanitumia meseji ndefu. Mama yake kapima damu, seli nyeupe ziko juu, daktari kaandika wanashuku kansa ya damu hatua ya mwanzo, aende Dar kwa vipimo zaidi, sasa nyumba nzima hakuna anayelala na kaka yao ashaanza kutafuta mteja wa ng'ombe. Nimeisoma nikakaa kitandani nikalia, maana hiyo ni stori yangu kabisa, kasoro kwangu haikuwa ng'ombe, ilikuwa kiwanja.

Mnaonijua mnajua mi si mtu wa kukaa. Asubuhi niko sokoni Majengo na madumu yangu ya alizeti, jioni niko saiti Nzuguni nagombana na fundi, nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta na nyie wote mnaojenga mnajua lenta inavyokula hela. Nikaanza kuchoka choka. Nikaenda zahanati moja ya jirani, majibu yakawa yale yale ya Watanzania wote, UTI na typhoid. Nikanywa dozi. Nikarudi, UTI sugu, dozi nyingine na sindano tano juu. Yani mpaka leo nikipita pale naangalia upande wa pili wa barabara.

Mara ya tatu nikaenda kwingine nikamkuta daktari kijana, angekuwa mwanangu wa kwanza. Yeye hakuandika dawa. Kaangalia FBP zangu mbili, yani kile kipimo cha kuhesabu seli zote za damu, akaniuliza, mama, mbona limfosaiti zako hazishuki? Limfosaiti ni aina moja ya seli nyeupe. Seli nyeupe kwa jumla zilikuwa 11.9, sio nyingi kihivyo, kawaida mwisho wake ni kama 11, ila limfosaiti peke yake zilikuwa 58 kwa kila 100 wakati kwa mtu mzima zinatakiwa zicheze kwenye 20 mpaka 40. Akasema ingekuwa infeksheni ya kawaida zingekuwa zishashuka. Halafu akauliza swali ambalo naomba mlishike, una karatasi ya kipimo cha zamani?

Ninayo! Mi natunza karatasi, kuna mkoba wangu una ofa ya kiwanja, vyeti vya watoto, risiti za nondo, na humo humo kulikuwa na FBP ya miaka miwili nyuma nilipolazwa na malaria. Nikampelekea kesho yake. Limfosaiti 55. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema mama hiki kitu kama kipo basi kinatembea kwa magoti. Akaniandikia rufaa, nikapanda hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, kisha Dar.

Hapo katikati ndo pana uchungu wangu. Nilimwambia kaka yangu peke yake, kwa siri, maana baba alishafariki na yeye ndo mkubwa wetu. Jioni hiyo hiyo simu inalia tu, nimeunganishwa kwenye grupu la wasapu, "Tumwokoe Dada Yetu", watu 67, mpaka mwalimu wangu wa darasa la nne yumo, na namba ya kuchangia. Kipimo chenyewe bado hakijafanyika! Wateja wangu wa mafuta wawili wakaacha kununua, mmoja alimwambia mwenzie anaogopa kuambukizwa, kansa ya damu inaambukiza wapi jamani. Shangazi akapiga toka Kondoa kusema Dar watanichoma sindano kwenye uti wa mgongo nipooze, kwahiyo nije kwanza kwake kuna mzee ana mizizi. Na kaka akaja na mteja wa kiwanja. Mteja kabisa, kashika futi kamba. Nyumba yangu yenye lenta anaipima.

Ndugu, mtu akikupa siri ya ugonjwa wewe ni kabati, sio redio.

Sindano aliyoisema shangazi ni ya kutoa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, na uboho hautolewi kwenye uti wa mgongo. Unatolewa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, unapigwa ganzi, unalala kwa tumbo. Nimelijua hilo vizuri kwasababu nililiota wiki tatu mfululizo, na mwisho wa siku mi sikuchomwa kabisa. Kwa aina hii ya kansa waliyokuwa wanaishuku kwangu, inaitwa CLL, mara nyingi damu ya mkononi inatosha. Wanaipitisha kwenye mashine inayosoma alama za kila seli, ni ukoo mmoja na zile mashine walizokuwa wanapimia CD4, wanaangalia kama seli B, yani aina moja ya hizo limfosaiti, zote zimetoka kwa mama mmoja au ni mchanganyiko. Zikiwa za mama mmoja ndo tatizo linapoanzia, ila nalo lina mpaka wake. Seli hizo zikifika 5,000 kwenye tone dogo wanaloliita maikrolita na zikakaa hivyo miezi mitatu, wanaiita CLL. Zikiwa chini ya hapo na huna dalili nyingine, bado hawaiiti kansa.

Zangu zilikuwa 4,700.

Nikamuuliza daktari wa Dar sasa mi ni mgonjwa au sio mgonjwa, akacheka. Akanipapasa shingoni, kwapani, kwenye kinena na chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama, hakukuta kitu. Akasema katika watu 100 wenye hali kama yangu, kwa mwaka ni kama mmoja au wawili wanaofika kuhitaji matibabu, nirudi miezi mitatu, na nikiona jasho la usiku la kulowesha shuka, kukonda bila sababu, homa zisizoisha au tezi zinavimba nisisubiri tarehe. Nikamwambia dawa je? Akasema hakuna dawa. Hata ingekuwa CLL yenyewe ya hatua ya mwanzo wangeangalia tu, maana ilishafanyiwa utafiti, waliopewa dawa mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri.

Jamani kumweleza Mgogo kwamba una kitu kwenye damu halafu hupewi hata panadoli ni kazi! Kaka alisema wamenikatia tamaa. Shangazi akasema si unaona. Mimi mwenyewe kwenye treni ya mwendokasi kurudi Dodoma nilikaa dirishani nikijiuliza kama nimedanganywa kwa upole. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kusubiri nako ni matibabu, na wewe unayesoma hapa ukiambiwa usubiri basi subiri, usijazie nafasi na mizizi, maana ini likiharibika kwa mizizi daktari atashindwa kujua kipi ni kipi. Na uende na mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, aandike, wewe hutasikia kitu baada ya lile neno kansa. Mi nilienda na binti yangu, bila daftari lake hizo namba zote hapo juu nisingezikumbuka. Na karatasi zako tunza, nimeshasema lakini narudia, tunza.

Grupu bado lipo. Kila asubuhi mtu anatuma maua. Hela zilizochangwa nimemwambia kaka azirudishe, kasema zimetumika kwenye mawasiliano, hayo tutayaongea siku nyingine nikiwa na nguvu.

Tarehe yangu ya kurudia kipimo ni wiki ijayo Jumanne, fundi naye kaanza kupandisha kozi juu ya lenta. Mdogo wangu wa Manyoni, sijaona jibu lako. Mama alishawahi kulazwa popote miaka ya nyuma? Zile karatasi mmezitafuta?