Anti, mti wa plastiki elfu 80 nautoa wapi?

SWALI: Shikamoo Anti. Nina watoto watatu na wote wameshaanza kuniuliza mama Krismasi mwaka huu tunapamba lini, juzi nikapita Kariakoo nikaulizia mti wa plastiki wa saizi ya kati nikaambiwa elfu 80, hapo bado hujanunua yale mapambo ya kuning'iniza wala taa, na Januari ada inanisubiri. Ndani nimejaza machupa, makopo ya maziwa na trei za mayai, baba yao kila siku anasema nimegeuza nyumba dampo. Kuna kitu naweza kutengeneza kikaeleweka kweli?
Mama Watatu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na baba yao mwambie atulie kwanza.

Mti wa plastiki achana nao. Sisi tumekua na tawi la mvinje, unalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, mchanga unaulowanisha, ndoo unaizungushia kiroba cha mchele au kitenge, basi, na ile harufu mti wa dukani hauna. Ila mvinje unakauka upesi na joto la Dar la Desemba unalijua, kwahiyo usikurupuke tarehe 10, subiri hata tarehe 22 hivi, na umuombe mtu anayepunguza mti wake, usiende kukata wa watu usiku.

Sasa kinachofanya makopo yaonekane makopo ni rangi. Mtu anachukua chupa ya bluu, kizibo cha kijani, karatasi ya biskuti ya zambarau, anatundika vyote afu anashangaa mbona kama jalala. Chagua rangi mbili tu, kila kitu kiishie humo. Mi napenda nyekundu na nyeupe maana msimu huu mikrismasi barabarani inakuwa imechanua, yani ukifungua dirisha nje nako kumeshapambwa bure.

Chupa za soda za plastiki angalia kitako chake, kina vidole vitano, ukikikata kwa mkasi unapata ua au nyota kabisa. Kingo zinakwaruza, kwahiyo washa pasi moto mdogo, tandika karatasi juu yake, gusisha ule ukingo sekunde chache unajikunja wenyewe na kuwa laini. Watoto wasishike hapo, wao wape rangi.

Trei ya mayai ina vishimo 30, kila kishimo ukikikata ni kengele, paka rangi, toboa juu, ning'iniza kizibo cha soda ndani kiwe ulimi. Mipira ya kwenye mti usinunue pia, finyanga gazeti liwe duara, kaza kwa uzi, nenda kwa fundi cherehani umuombe vile vipande anavyofagia jioni, chagua vyekundu, viringishia. Mi nilishaenda na mfuko mdogo nikarudi na kiroba.

Kopo la maziwa lijaze maji uliweke frizani mpaka yagande, ndio utoboe nyota kwa msumari na nyundo, barafu inazuia kopo lisibonyee. Barafu ikiyeyuka mwaga maji, weka ndani kitochi kidogo. Usiweke mshumaa kabisa ukiwa na mvinje mkavu na magazeti sebuleni, nakuomba.

Gundi pika uji mzito wa unga wa ngano, tia na chumvi kidogo, tumia siku hiyohiyo. Na kule intaneti utaona wazungu wanatunga bisi kwenye uzi wanazungushia mti, hiyo waachie wenyewe, hapa Dar usiku wa kwanza watakuja mende, wa pili panya, na wewe utakuwa umewaalika.

SWALI: Anti mambo, mi nakaa geto la chumba kimoja, nataka kuingiza zile taa za kumetameta ndani ya chupa na karatasi, hazitawaka moto?
Kijana wa Tabata

JIBU: Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaitoa. Chukua za LED, hazipati joto kama zile za balbu za zamani, na hata hizo weka kwenye chupa ya kioo, karatasi ikae nje mbali na waya. Waya uliochubuka usiuzungushie tepu ukasema imeisha, tupa. Ukitaka kulala chomoa, LUKU nayo itakushukuru.

SWALI: Anti nimeona mtu ametengeneza maua mazuri sana ya mifuko ya nailoni, mi ninayo mingi ya zamani nimeificha chini ya godoro, nianze?
Dada wa Kigamboni

JIBU: Mwanangu, mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, na wewe unataka kuitundika sebuleni wageni waione? Tumia ile mbadala ya sokoni inayofanana na kitambaa, haichomoki nyuzi ukiikata, kwahiyo huna haja ya kupinda ukingo. Kata mkanda mrefu upana wa vidole viwili, kunja kama feni, funga katikati kwa uzi, fungua pande zote mbili, ua hilo. Nyekundu ipo, nyeupe ipo. Hiyo ya chini ya godoro usimuoneshe mtu.