Bakteria wa UTI walienda angani kufanya nini?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesikia redioni kwamba Wamarekani walishapeleka bakteria wa UTI angani ndani ya kiboksi, hamna mtu ndani. Sasa nani alikuwa anawalisha, na majibu yalisomwaje? Na si kuna wanaanga kule kwenye kituo, wangepewa wao hiyo kazi? — Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yetu. Hicho kiboksi ni EcAMSat ya NASA, kilitolewa kwenye kituo cha kimataifa cha anga Novemba 2017 kikaanza kuzunguka dunia chenyewe, lengo kuona dawa inavyowapiga hao bakteria kule juu. Ukubwa wake ni kama boksi la viatu, kilo 10 hivi.

Ndani kuna kadi ina vishimo 48, bakteria wa E. coli, ndio hao wa UTI, wamekaa humo, na kila kitu kinaendeshwa na kompyuta: joto linapandishwa mpaka nyuzi 37 kama la mwili, pampu inaleta chakula, wakishazaliana chakula kinakatwa wakae na njaa (bakteria mwenye njaa ndo msumbufu, dawa zinamuua kwa shida), halafu inaingizwa dawa ya gentamicin, ileile ya sindano, vishimo vingine dozi ndogo vingine kubwa vingine hawapewi kabisa.

Sasa utajuaje nani kapona? Hapo ndo ujanja wenyewe. Wanamwagiwa rangi ya bluu, bakteria aliye hai akiitumia inageuka pinki, aliyekufa inabaki bluu. Kila kishimo kina taa ndogo na sensa ya kupima hiyo rangi basi, hamna darubini wala picha, ni namba tupu ambazo hata redio ndogo inazituma chini bila shida, na waliokuwa wanazipokea ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Santa Clara, California. Bakteria wenyewe hawakurudi.

Walipeleka aina mbili, wa kawaida na walioondolewa jeni ya rpoS inayowasaidia kuvumilia shida. Hao wasio na jeni hiyo dawa iliwapiga zaidi, kule juu na hata kwenye boksi pacha lililobaki maabara duniani. Maana yake ukipata dawa ya kuizima hiyo jeni, gentamicin ya siku zote inaweza kufanya kazi vizuri zaidi. Na hilo halimhusu mwanaanga peke yake, sisi huku UTI tunaijua.

Kuhusu wanaanga, majaribio wanafanya mengi tu, ila muda wao ni ghali na kazi zina foleni. Halafu kuna sehemu kituo hakifiki. Novemba 2022 BioSentinel, kiboksi kingine cha NASA, ilirushwa pamoja na Artemis I, safari ya NASA ya kwenda Mwezini, imebeba hamira, ndiyo, hamira ya maandazi, lengo likiwa kuona mionzi inavyoharibu DNA, ikapita Mwezi ikaenda zake kulizunguka Jua. Huko nani wa kumtuma?