Jibu: Shahada ya uchumi kama hesabu zinakupiga chenga

Ndugu, umeuliza kama utaiweza shahada ya uchumi wakati hesabu si fani yako. Utaiweza, ila usidanganyike na mwaka wa kwanza. Pale ni michoro ya mahitaji na ugavi, wengi wanapita. Kazi inaanza kwenye maikro (uchumi wa mtu mmoja mmoja na kampuni) ya mwaka wa pili. Swali la kawaida: ridhiko la mtu (kiasi anachoridhika kwa kutumia bidhaa mbili, x na y) ni x mara y, x inauzwa 2, y inauzwa 4, ana 40 mfukoni, anunue ngapi za kila moja? Jibu ni 10 na 5, lakini mwalimu anataka njia, na njia ni kalkulasi (hesabu za mabadiliko).

Makro (uchumi wa nchi nzima) ina maelezo mengi, inavumilika. Ekonometria (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) ndiyo inayochuja watu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kazini, maana inakufundisha kutofautisha vitu vinavyoambatana tu na kimoja kinachosababisha kingine. Kwa hiyo takwimu usiiahirishe, ichukue mapema.

Kama shida yako hasa ni kuendesha biashara (wengi huchanganya hapa), basi angalia uhasibu au usimamizi wa biashara.