Mbwa Aliyechanjwa Afungiwe kwa Nini?

Swali: Mbwa wetu, aliyechanjwa mwaka jana, amemng'ata mtoto wa jirani, na afisa mifugo ameagiza afungiwe kwa siku 10. Je, cheti cha chanjo hakitoshi?

Jibu: Hakitoshi, ndugu msomaji, kwa sababu chanjo hupunguza sana hatari ya kichaa cha mbwa lakini haiiondoi kabisa. Virusi huingia katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya dalili kuonekana, na baada ya hapo mbwa hufa upesi. Kwa hiyo akiwa mzima siku 10 zikipita, tunajua kwamba hakuwa na uwezo wa kuambukiza alipong'ata. Usimhamishe wala usimuue, na akibadilika tabia au akifa, mjulishe afisa huyo mara moja ili ubongo wake upimwe maabara.

Ninayemhofia zaidi ni mtoto. Tafadhali asisubiri siku hizo: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali leo hii aanze chanjo, ambayo daktari anaweza kuisitisha endapo mbwa atabaki mzima.