Farasi na mbio za barabarani Sicily

We ndugu unauliza "farasi si kaumbwa akimbie, lami inamdhuru nini", shida ni kwamba lami haibonyei kabisa, kishindo chote kinapanda mguuni, kwato, kano, viungo, na ana viatu vya chuma pia, akikata kona anateleza vibaya. Kwenye uwanja wa mbio wanaweka mchanga na wanausawazisha kila mara, hawafanyi vile kwa urembo.

Sasa angalia zile mbio za barabarani za Sicily, kisiwa cha Italia, miji ya Palermo, Catania, Messina huko. Alfajiri vijana wa skuta (vipikipiki vidogo) wanafunga barabara, farasi wawili wanavuta vigari vyepesi vya magurudumu mawili, na nyuma kuna kundi la skuta linapiga honi na kupiga kelele ili wasipunguze mwendo. Yani mnyama anakimbia kwa woga, mnasema anapenda 😒 Halafu kuna kamari, na mafia wamo humo, kwa hiyo dawa za kuongeza nguvu na za kuua maumivu hazikosekani, na hizo za maumivu ndo mbaya zaidi mi naona, coz kano ikianza kuchanika farasi hasikii maumivu vizuri anaendelea tu mpaka mguu unakufa.

Sheria ipo, Italia walipitisha namba 189 ya mwaka 2004, kuandaa mashindano ya wanyama yasiyo na kibali na yanayohatarisha miili yao ni jela, na ukihukumiwa farasi anataifishwa, humuoni tena.